Milia Yajua Bei, Haimjui Malenga

Muziki wa kantri wa Marekani si mgeni kwetu. Hapa Kenya sauti ya Jim Reeves imepata kuingia nyumba nyingi kwa njia ya redio, na wako wasiojua neno la Kiingereza illa wakiisikia hunyamaza wakasikiliza. Leo nauangalia mkusanyiko mmoja wa nyimbo hizo za kati ya karne iliyopita, uliotiwa katika sidi moja. Usoni mwa jalada mna majina matatu makubwa: Hank Williams, Patsy Cline na Jim Reeves. Mgongoni mna orodha ya nyimbo, na chini pembeni mna kile kijisanduku cha milia myeusi na myeupe kiitwacho msimbo pau.

Katika waimbaji hao watatu, hakuna aliyeiona milia hiyo juu ya kazi yake. Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953, umri wake miaka 29. Patsy Cline alikufa kwa ajali ya ndege mwezi Machi 1963, na Jim Reeves vivyo hivyo mwezi Julai 1964. Milia hii ilisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya chingamu.

Asili yake yapendeza. Mmarekani Norman Joseph Woodland alikuwa ameketi ufukweni Miami, akizifikiria nukta na vistari vya simu ya Morse, akapitisha vidole mchangani mfano wa mpiga ramli, na hapo likamjia wazo la mistari minene na myembamba. Yeye na mwenziwe Bernard Silver walipewa haki ya uvumbuzi huo na serikali yao mwezi Oktoba 1952. Milia tuijuayo leo iliundwa baadaye na George Laurer wa kampuni ya IBM.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Milia hii ina elimu ndani yake. Chini yake, kwa mtindo wa Kimarekani, pana tarakimu 12, na ya mwisho ni mlinzi wa zilizotangulia. Jumlisha tarakimu ya 1, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 11, uzidishe kwa 3. Ongeza ya 2, ya 4, ya 6, ya 8 na ya 10. Kisha tafuta tarakimu itakayoifanya jumla igawanyike kwa kumi bila baki. Hiyo ndiyo ya 12. Mashine ikikosea kusoma tarakimu moja tu, hesabu haikubali.

Nilipoifahamu hesabu hii niliwakumbuka malenga wetu wa tenzi. Mtunzi wa kale amalizapo utenzi wake, mara nyingi hutaja idadi ya beti, ili mnakili atakayeiacha moja ajulikane. Basi sisi nasi twalijua jambo la mlinzi wa mwisho tangu zamani. Lakini malenga hakukomea hapo. Alitaja na jina lake, pengine na mwaka na mji wake, akamwomba msomaji amkumbuke kwa dua. Milia imeshika hesabu, jina ikaliacha. Yamjua mwenye bidhaa na bidhaa yenyewe; aliyeimba na aliyetunga haiwajui kabisa.

Na jina likiachwa, haki hupotea. Hank Williams alipokuwa kijana huko Alabama alifunzwa na mpigaji gitaa wa mitaani, Mmarekani mweusi Rufus Payne, aliyeitwa kwa utani Tee Tot. Payne alikufa fukara mwaka 1939. Hank hakumsahau mwalimu wake, alimtaja waziwazi. Lakini juu ya jalada nililo nalo jina hilo hulioni. Mtazame na Willie Nelson. Kabla hajapata umaarufu, kwa shida ya fedha aliuuza wimbo wake "Family Bible" kwa dola 50. Mwaka 1960 ukavuma kwa sauti ya Claude Gray, na katika majina ya watunzi Nelson hakuwemo. Mwaka uliofuata Patsy Cline aliimba "Crazy", utungo wa Nelson huyo huyo, na safari hii jina lake lilikuwapo. Mtu ni mmoja na kipawa ni kimoja. Jina ndilo lililoleta tofauti.

Mikusanyiko hii ni mingi kwa sababu ya sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi iliyotolewa kabla ya 1963 ulinzi wake umekwisha, na yeyote aweza kuitoa upya na kuibandika milia yake. Haki ya mtunzi ni mbali, nayo hudumu miaka 70 baada ya kufa kwake. Marekani kwenyewe, sheria ya 2018 yailinda rekodi ya baina ya 1947 na 1956 kwa miaka 110. Kwa hiyo wimbo mmoja waweza kuwa mali ya umma ng'ambo hii ya bahari na mali ya mtu ng'ambo ile, nao ukauzwa kwa milia kumi mbalimbali.

Jambo hili nalijua kwa uchungu wake. Nilipata kununua kaseti ya taarabu sokoni, nikasikia beti zangu mwenyewe zikiimbwa, na kuimbwa vizuri. Juu ya karatasi palikuwa na jina la mwimbaji, jina la duka na namba ya simu ya duka. La mtunzi halikuwapo. Sikudai kitu, lakini usiku ule sikulala mapema.

Ndugu msomaji, ukinunua santuri, sidi au kaseti, usiridhike na milia. Hata namba ikianza na 616, ambayo ni ya Kenya, yakwambia tu kuwa mwenye bidhaa ameandikishwa hapa. Pahali ilipotengenezwa haikwambii. Geuza jalada. Tafuta mwaka wa kurekodiwa, kwani wako waimbaji waliorudia nyimbo zao uzeeni, na marudio hayo huuzwa kana kwamba ndiyo ya awali. Tafuta jina la mtunzi, ambalo mara nyingi huwa katika mabano madogo chini ya jina la wimbo. Usipoliona, muulize muuzaji. Wateja wakiuliza mara nyingi, watengenezaji nao watajifunza kuliandika.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Atunzwe vipi, hali waliohudhuria hawakuambiwa ni nani aliyecheza?