Bakteria iliyowekewa mikono inje ya ukuta

Kila siku kisha posti, sisi wafanyakazi wa mugodi tunapita milango mbili. Kwa wa kwanza unaonyesha baje. Kwa wa pili wanakupekua: mifuko, bota, kofia, hata kibakuli cha chakula. Katikati ya lupango moja na ingine kuko njia nyembamba, na mutu akikwama pale hana mbele wala nyuma. Tunaanza na hii juu bila hii hautaelewa habari ambayo injenieri mmoja alituletea kwenye mukutano wa sendika, na ambayo ilitusumbua mpaka tukaenda kuisoma sisi wenyewe.

Alisema hivi: «Mayi ya rejeti, siku moja bakteria njo zitaisafisha. Watu wa labo wamezipa mikono ya kukamata metali.» Mama mmoja wa kantini akauliza: «Ile mikono iko ndani ao inje?» Watu wakacheka. Kumbe njo lilikuwa swali lenyewe.

Bakteria ni kitu kidogo sana. Ukizipanga kolibasili mia tano kwenye mustari, utapata kama milimita moja tu. Lakini iko na lupango mbili, kama kwetu. Kuko ngozi ya ndani, kuko ngozi ya inje, na kati yao ile njia nyembamba. Hapana bakteria zote: mu 1884 Gram, munganga wa Denmark, alipata rangi inayozitenga, zile za ngozi mbili upande mumoja na zingine upande mwingine. Proteini zote zinatengenezwa ndani kabisa. Kama unataka proteini ifanye kazi inje, lazima ipite milango mbili, na wa pili njo mugumu.

Wengi wetu tuko na ndugu mwenye ugonjwa wa sukari, basi tuchukue mufano wa insulini. Mu 1978 watu wa Genentech, Marekani, waliingiza jeni ya insulini ya mutu ndani ya kolibasili, na mu 1982 ile dawa ikaruhusiwa kuuzwa. Bakteria ilifanya kazi muzuri, lakini haikutoa kitu inje. Mali ilibaki ndani, imejikunja kama nguo chafu, na ili kuipata walipashwa kuvunja bakteria, kuosha, kutenga, kuikunja upya. Ni kama ungebomoa nyumba yote ili utoe kiti kimoja.

Mulango wa kwanza ulieleweka mbele. Günter Blobel, aliyepata Nobel mu 1999, alionyesha kwamba proteini inayopashwa kutoka inabeba baje mbele yake, kakipande ka amino aside kama ishirini hivi. Yeye alitumika na seli za nyama, lakini bakteria nazo ziko na desturi ile ile. Mulango unasoma baje, unapitisha proteini, kisha unakata baje na kuitupa. (Kwetu angalau wanaturudishia.)

Sasa proteini iko kwenye njia nyembamba, na pale hakuna ATP, njo kusema mafuta ya seli. Mashini ya mulango wa kwanza inatumia mafuta kusukuma. Ku mulango wa pili hakuna cha kusukumia. Bakteria zimetafuta dawa mbalimbali. Zingine zinajenga bomba moja linalotoka ndani mpaka inje bila kusimama katikati. Zingine zinafanya jambo ambalo lilitushangaza zaidi: proteini inakuja na mulango wake mugongoni.

Ilionekana kwa bakteria ya kisonono. Mu 1987 wasomi wa Ujerumani walieleza namna inavyotoa inje proteini inayokata askari za mwili wetu. Ile proteini iko na sehemu mbili. Mukia wake unajipanda kwenye ngozi ya inje na kuwa kama pipa lenye tundu. Mwili wake, ambao wanaita abiria, unapita kwa ile tundu na kutokea inje. Leo wanajua kwamba kuko mashini ingine inayosaidia kupanda lile pipa, na namna kamili abiria anavyopita, wasomi wangali wanabishana. Lakini fundi hahitaji kungoja mabishano yaishe. Kama abiria anaweza kupita, ondoa abiria wa kisonono, weka wako.

Wakajaribu. Mu 1990 waliweka kipande cha sumu ya kolera kama abiria. Kilipita kama kingali kimelegea. Kikijifunga kifundo kwenye njia nyembamba, kinakwama. Kila mutu aliyejaribu kupitisha muzigo kwenye mulango mwembamba anajua: usifunge mbele ya kupita, funga kisha kupita.

Sasa tufike kwa metali. Kuko bakteria moja wanayoita CH34. Ilitolewa mu 1976 kwenye matope ya bwawa la kiwanda cha zenki, inchi ya Ubelgiji. Inaishi kwenye zenki, kobalti na kadmiumu ambako zingine zinakufa. Wasomi wameibadilisha jina mara nyingi: Alcaligenes, Ralstonia, leo Cupriavidus metallidurans, njo kusema mwenye tamaa ya shaba na anayevumilia metali. Sisi watu wa Zaire ya zamani, Shaba ya zamani, hatuwezi kuicheka juu ya kubadilisha majina.

Na mu 1990 watu wa Ubelgiji walitoa habari kwamba walitafuta jeni za CH34 ndani ya bakteria zingine za mahali pachafu: kwao ku viwanda, na ku maeneo ya migodi ya Zaire. Zaire, njo huku! Udongo wetu ulipimwa kule wakati wengi wetu tulikuwa tungali kwenye masomo, na hakuna aliyetuambia.

Mu 2000, wasomi wa Hispania, pamoja na Víctor de Lorenzo wa Madrid, waliunganisha mambo tatu. Walichukua pipa la kisonono. Kwa abiria wakaweka metalotioneini ya panya, proteini ndogo ya amino aside kama makumi sita, na ishirini kati yao ni sisteini, zenye kiberiti kinachoshika metali. Kisha wakaingiza yote ndani ya CH34. Ile proteini ikatokea inje ya ngozi, ikasimama pale, ikakamata kadmiumu. Njo ile mikono! Waliimwaga kwenye udongo wenye kadmiumu, wakapanda mumea wa jamaa ya tumbaku, na ule mumea ukaota muzuri kuliko pale ambapo bakteria haikuwekwa.

Kwa nini mikono iwe inje? Juu ikiwa ndani, metali lazima iingie kwanza, na kadmiumu ndani ya seli ni sumu. Inaharibu hata mafigo na mifupa ya mutu, kwa hiyo hatuitaji kwa muchezo. Inje, metali inashikwa mbele ya kuingia. Mama wa kantini alikuwa na haki.

Lakini hapa njo tulipoanza kunyamaza. Soma tena: bakteria ilikamata kadmiumu, haikuiondoa. Kadmiumu iko pale pale mu udongo, imeshikwa mukono tu. Kwa mumea ni faida kubwa. Kwa mayi ya rejeti ni jambo lingine: bakteria iliyoshiba metali inakuwa matope, na yale matope mutu wa mushahara mudogo njo atakayeyabeba na pawa.

Kuko kazi ingine inayokwenda mbali kidogo. Mu 2016 laboratware ya Livermore, California, iliweka kwenye koti la inje la bakteria Caulobacter crescentus vipande vinavyokamata metali adimu. Pale waliweza kuiachisha kwa sitrate, chumvi ya aside iliyo mu ndimu. Hiyo si kusafisha tena, ni kuvuna. Tena bakteria kwenye kobalti si ndoto: Kasese, Uganda, kiwanda kilitoa kobalti kwenye mabaki ya mugodi wa Kilembe kwa bakteria za kawaida ndani ya matanki, bila kubadilisha jeni. Zile zinakula madini na kuyayeyusha, hazina mikono.

Basi kwenye mukutano uliofuata tulimupa injenieri karatasi. Bakteria yenu ni ya kawaida ao ya kubadilishwa? Itakaa ndani ya tanki, ao mutaimwaga mu muto ambamo bamama wanafulia? Metali ikikamatwa, nani ataibeba, na glavu gani, na itauzwa kwa faida ya nani? Na kama ile jeni ilitoka kwenye udongo wa hapa, mukataba wa Nagoya wa 2010 juu ya kugawana faida unatuhusu ao hapana?

Alisoma polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mu mufuko. Alisema ataiuliza direksheni. Ni miezi ine sasa, na mayi chini ya rejeti ingali na ile rangi yake ya kijani.