Kubadilisha jina hakufuti deni, lakini kwaweza kukupotezea sifa ya ukopaji

WAKENYA wengi wanaobadilisha majina yao, iwe ni kwa sababu ya ndoa, talaka, kusilimu, kuokoka au mapenzi yao tu, hukumbuka kitambulisho, pasipoti na akaunti ya benki. Ipo stakabadhi moja ambayo husahaulika hadi siku mkopo unapokataliwa au mwajiri anapoulizia cheti: ripoti ya mikopo inayohifadhiwa na mashirika ya marejeo ya mikopo, maarufu kama CRB.

Mashirika hayo hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya (CBK). La kwanza, Credit Reference Bureau Africa, ambalo sasa linaitwa TransUnion, lilipata leseni mwaka wa 2010. Metropol ilifuata mwaka wa 2011, na Creditinfo mwaka wa 2015. Kila moja huwa na kumbukumbu zake, kwa hivyo jina linaloonekana sahihi katika ripoti ya shirika moja huenda bado limekosewa kwa jingine.

Mwananchi wa kawaida hulitaja jina CRB kana kwamba ni jela. Utamsikia mtu akisema kuwa jirani yake "amewekwa CRB", yaani ameshindwa kulipa deni. Ukweli ni kwamba tangu kanuni za mwaka wa 2013 zilipoanza kutumika, wakopeshaji hupeleka habari mbaya na njema pia. Aliyelipa mkopo wake kwa miaka saba bila kuchelewa hata mwezi mmoja ana faili huko, na faili hiyo ni mali yenye thamani. Anayebadilisha jina bila kuishughulikia anahatarisha mali hiyo.

Jambo la kwanza ambalo sharti lieleweke ni kwamba CRB haizipati habari zake kutoka kwa msajili wa ndoa wala kwa Mpiga Chapa wa Serikali. Huzipata kutoka kwa wakopeshaji: benki, taasisi za mikopo midogo midogo, vyama vya akiba na mikopo (Sacco), Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na wengineo walioruhusiwa. Jina lililoko katika ripoti ni lile ambalo mkopeshaji aliliandika siku alipofungua akaunti. Mtu anaweza kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa na jina jipya, na miaka mitano baadaye ripoti yake ikasoma jina la zamani, kwa kuwa benki yake haikuarifiwa.

Jambo la pili ni nambari ya kitambulisho cha kitaifa. Hiyo ndiyo kamba inayofunga mikopo yote ya mtu pamoja. Anayebadilisha jina hupewa kadi mpya yenye jina jipya, lakini nambari hubaki ile ile. Ndiyo maana wanaodhani kuwa jina jipya litawaepusha na deni la zamani hujidanganya. Mkopo ambao haukulipwa humfuata mdaiwa kupitia nambari, na hata baada ya kulipwa, habari za kuchelewa kwake huweza kubaki katika kumbukumbu kwa miaka mitano.

Je, ikiwa nambari haibadiliki, kwa nini mtu ahangaike na jina?

Sababu ni kwamba mkopeshaji hatazami nambari peke yake. Hulinganisha nambari, jina, tarehe ya kuzaliwa na habari zilizoko katika sajili ya serikali. Vitu hivyo vikikosa kuafikiana, mfumo wa kompyuta huweza kulikataa ombi, au karani akaliweka kando akishuku ulaghai. Katika mikopo ya simu, ambapo uamuzi hutolewa kwa sekunde chache pasipo mtu kuketi mbele ya afisa, hakuna anayeuliza iwapo mwombaji aliolewa mwezi uliopita.

Hatari nyingine ni ya faili kugawanyika. Chukua mfano wa mwalimu aliyesoma kwa mkopo wa HELB akitumia jina alilopewa na wazazi, akaajiriwa, akajiunga na Sacco, kisha akaolewa na kufungua akaunti mpya ya benki kwa jina la mumewe. Iwapo tarakimu moja ya nambari yake ya kitambulisho ilinakiliwa vibaya katika mojawapo ya akaunti hizo, jina ndilo ushahidi wa pekee uliosalia wa kuonyesha kuwa hao ni mtu mmoja. Jina nalo likiwa tofauti, mfumo huona watu wawili: mmoja mwenye historia ndefu ya kulipa, mwingine asiyejulikana kabisa. Benki humpima yule asiyejulikana.

Kinyume chake pia hutokea, deni la mtu mwingine likaingia katika faili isiyo yake kwa sababu ya majina kufanana. Kenya ni nchi ya majina yanayojirudia, na yenye namna nyingi za kuyaandika. Mohamed huwa Muhammad, Mohammed au Mahamed, kutegemea sikio la karani. Alama ya kibainishi katika Ng'ang'a au Achieng' hupotea kompyuta inapoikataa. Kuna wanaume wa jamii za Kalenjin waliosajiliwa shuleni kwa jina moja, kisha wakatumia jina la baba lenye "arap" baada ya kutiwa jandoni. Pwani, mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, na benki ikamlazimisha kuchagua lipi ni la ukoo ili lijaze kibweta cha fomu iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa kwingine. Mengi ya hayo si mabadiliko ya jina kisheria, ila kwa CRB matokeo ni yale yale.

Anayebadilisha jina kisheria hufuata njia mojawapo kati ya mbili. Mwanamke anayetwaa jina la mumewe hahitaji kupitia safari ndefu, kwani cheti cha ndoa ndicho msingi wa ombi lake katika ofisi ya usajili wa watu. Inafaa ikumbukwe hapa kuwa sheria za Kenya hazimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Asiyelichukua hana lolote la kurekebisha, na makarani wanaosisitiza vinginevyo hawana msingi.

Wengine wote huandikiwa na wakili hati maalumu ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, Nairobi au Mombasa, chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, Sura ya 285. Baadaye tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, likitaja jina la zamani, jina jipya na nambari za usajili wa hati hiyo. Wasomaji wa gazeti hilo wanayafahamu matangazo hayo ya kurasa za nyuma, ambamo mtu "hulikana na kuliacha" jina lake la awali na kuomba aitwe kwa jipya nyakati zote. Nakala ya ukurasa huo ihifadhiwe vizuri. Ndiyo itakayoulizwa na kila ofisi kwa miaka mingi ijayo.

Baada ya hapo huja kitambulisho kipya, kisha jina katika Mamlaka ya Ushuru (KRA), ambako nambari ya PIN haibadiliki, na katika kampuni ya simu. Hiyo ya simu watu huipuuza, ilhali mikopo mingi ya siku hizi hupitia huko. Huduma ya M-Shwari ilianzishwa mwaka wa 2012 na Fuliza mwaka wa 2019, na zote humtambua mteja kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Ni pale ambapo kitambulisho kipya kimo mkononi ndipo wakopeshaji wanapopasa kuendewa, mmoja baada ya mwingine. Kwenda CRB kwanza ni kuupanda mti kutoka juu. Shirika hilo si mwenye habari, ni mtunzaji tu, na hata likirekebisha jina leo, benki ikipeleka orodha yake ya mwezi ikiwa na jina la zamani, kosa litarudi. Mteja aiandikie benki, Sacco na HELB barua yenye jina la zamani, jina jipya, nambari ya kitambulisho na nambari za akaunti, aambatishe nakala ya cheti cha ndoa au tangazo la gazeti la serikali, na adai muhuri wa kupokelewa katika nakala yake. Ahadi ya mdomo ya afisa wa dirishani haina uzito wowote pindi afisa huyo anapohamishwa.

Asisahau akaunti zilizofungwa. Mkopo uliomalizika kulipwa miaka mitatu iliyopita bado huwa ndani ya ripoti, na mara nyingi ndio unaomjengea mtu sifa njema. Wala asisahau mikopo ambayo yeye ni mdhamini tu. Katika Sacco, mdhamini huitwa kulipa mwenzake anaposhindwa, na barua ya onyo iliyotumwa kwa jina na anwani ya zamani huenda isimfikie.

Hatua inayofuata ni kuomba ripoti. Kanuni humpa kila mteja haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Kwa vile mashirika ni zaidi ya moja, ni busara kuomba kutoka kwa yote. Chini ya kanuni za mwaka wa 2020, cheti cha kuonyesha kuwa mtu hana deni sugu nacho hutolewa bure anapokiomba kwa mara ya kwanza. Vitu hivi viwili visichanganywe: cheti husema tu kwamba mtu hana deni baya, ilhali ripoti huonyesha kila akaunti, nani aliipeleka na kwa jina gani. Anayetafuta kosa la jina anahitaji ripoti.

Akikuta kosa, anayo haki ya kulipinga kwa maandishi. Shirika hulazimika kulichunguza lalamiko hilo pamoja na mkopeshaji aliyepeleka habari, na kuonyesha katika ripoti kwamba habari husika zinabishaniwa. Barua ya malalamiko isiombe jina la zamani lifutwe pasipo kuacha alama. Ombi lenye manufaa ni kwamba majina yote mawili yaunganishwe chini ya nambari moja ya kitambulisho, jipya likiwa ndilo kuu. Jina la zamani likitoweka kabisa, mkopeshaji mwenye mkataba wa kale huenda akakosa kumtambua mteja wake.

Sheria ziko upande wa mwananchi katika suala hili, kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya kurekebishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inarudia haki hiyo, na ndiyo iliyounda Ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Mkopeshaji anayeikalia barua ya mteja anaweza pia kushtakiwa kwa Benki Kuu ikiwa ni benki, au kwa mamlaka ya kusimamia Sacco (SASRA) ikiwa ni chama kilicho chini yake.

Wakenya wanaoishi ng'ambo wajue kwamba historia hizi hazivuki mipaka zenyewe. Aliyeolewa akiwa Marekani na kubadilisha jina huko atakuta utaratibu unaofanana, isipokuwa kamba ya huko ni nambari ya hifadhi ya jamii: jina hubadilishwa kwanza katika idara ya hifadhi ya jamii, kisha kwa wakopeshaji, ambao nao huyaarifu mashirika ya Equifax, Experian na TransUnion. Kufanya hivyo Marekani hakurekebishi chochote Nairobi, hata kama jina la TransUnion liko kote kuwili.

Kuna kikwazo kimoja ambacho huwashangaza watu, nacho ni mkopeshaji ambaye hayupo tena. Benki ya CBA iliungana na NIC mwaka wa 2019 ikawa NCBA, na sehemu kubwa ya amana na mali ya Chase Bank ilichukuliwa na SBM mwaka wa 2018. Aliyekopa kwa jina la zamani katika benki kama hizo aanze kwa mrithi wake, akiwa na mkataba au taarifa yoyote ya akaunti aliyonayo. Kwa kuwa wakopeshaji kwa kawaida hupeleka habari zao kila mwezi, ripoti iliyoombwa wiki moja baada ya barua kupokelewa haitakuwa na jipya. Afadhali asubiri hadi mwezi wa pili ndipo aitazame tena, na akilikuta jina la zamani, nakala ile yenye muhuri ndiyo atakayorudi nayo benki.