Unafanyia biashara nyumbani? Fahamu gharama za nyumba unazoweza kudai kwenye ushuru

Wakaazi wengi wa kaunti yetu hawana duka wala ofisi. Cherehani iko sebuleni, oveni ya keki iko jikoni, na kompyuta ya mhasibu iko katika chumba ambacho zamani kililala wageni. Ifikapo Juni, wakati wa kuwasilisha ritani za ushuru wa mapato, swali huwa ni lile lile: kodi ya nyumba, stima na intaneti ninazolipa kila mwezi, je, hizi nazo si gharama za biashara?

Ni gharama za biashara kwa sehemu, na si kwa kila mtu. Kabla ya kufika huko, tuondoe mkanganyiko unaoletwa mara nyingi kwenye madawati yetu. Ushuru wa mapato hautozwi na kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kuutoza, na unakusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA. Kaunti hutoza kodi za ardhi na ada za leseni. Kwa hiyo afisa wa kaunti hawezi kukupunguzia ushuru wa mapato, lakini ada unayolipa kaunti kwa leseni ya biashara ni gharama ya biashara, nayo huingia kwenye hesabu zako. Hifadhi risiti yake.

Kwanza jua uko upande gani

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hili ni ghali kuliko mengine yote. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayapiti milioni 25 kwa kawaida huwa chini ya ushuru wa jumla ya mauzo, ambao wengi wanaujua kwa jina la TOT. Kiwango chake ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na hulipwa kila mwezi kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia hiyo hukatwa kwenye mauzo yote. Hakuna gharama inayotolewa, iwe ya kitambaa, ya stima au ya kodi ya nyumba. Ukiwa kwenye TOT, kukusanya bili za nyumba kwa ajili ya ushuru hakutakupunguzia hata shilingi moja.

Wanaoweza kutoa gharama ni wale wanaolipa ushuru wa mapato wa kawaida. Hawa ni wenye mauzo yasiyozidi milioni 1 kwa mwaka, wenye mauzo yanayopita milioni 25, na watu wa taaluma na ushauri ambao malipo yao hayaingii kwenye TOT hata kidogo. Pia wamo wale waliomwandikia Kamishna wa KRA kwamba hawataki kuwa kwenye TOT. Sheria inaruhusu uamuzi huo.

Je, ufanye hivyo? Tuchukue mfano wa fundi wa nguo mwenye mauzo ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kwenye TOT atalipa 36,000. Tuseme gharama zake halali, pamoja na sehemu ya gharama za nyumba, zinafika 830,000. Faida ni 370,000. Kwa viwango vya ushuru wa mapato, asilimia 10 ya 288,000 za kwanza ni 28,800, na asilimia 25 ya 82,000 zilizobaki ni 20,500. Toa nafuu ya kila mtu ya 28,800 kwa mwaka. Anabaki kulipa 20,500. Ameokoa 15,500.

Sasa geuza mfano. Fundi yuyo huyo alinunua vitambaa sokoni bila ankara, na gharama anazoweza kuthibitisha ni 300,000 tu. Faida yake machoni pa KRA ni 900,000, na ushuru ni 178,600. Angebaki kwenye TOT angelipa 36,000. Kwa maoni yetu, asiye na mazoea ya kuandika hesabu kila wiki asikimbilie kutoka kwenye TOT kwa sababu jirani amemwambia kuna gharama za kudai.

Sehemu ya biashara na sehemu ya familia

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinaruhusu kutoa gharama zilizotumika zote, na kwa ajili ya kupata mapato hayo pekee. Kifungu cha 16 kinakataza gharama za kujitunza wewe na familia yako, au za matumizi mengine ya nyumbani. Nyumba unamoishi na kufanyia kazi iko katikati ya vifungu hivi viwili. Kenya haina kiwango kimoja kilichopangwa, mathalani shilingi kadhaa kwa mwezi, cha mtu anayefanyia kazi nyumbani. Inakubidi utenganishe mwenyewe, kwa njia ambayo ukiulizwa unaweza kuieleza.

Chumba kilichotengwa kwa kazi tu ndicho rahisi kuelezeka. Ikiwa nyumba ina vyumba vinne vinavyokaribiana kwa ukubwa na kimoja ni ofisi, robo ya kodi ya nyumba ina msingi. Ukishonea kwenye meza ile ile watoto wanapofanyia kazi za shule na familia inapolia chakula, msingi huo unalegea sana. Hatungekushauri udai kodi ya sebule.

Kwa stima, mita ndogo ya chumba cha kazi humaliza ubishi. Bila mita, angalia vifaa: pasi ya fundi na oveni ya mwokaji hula stima nyingi, kompyuta ya mkononi hula kidogo. Andika saa za matumizi kwa mwezi mmoja au miwili na uweke karatasi hiyo. Intaneti igawe kwa matumizi. Laini ya simu ni afadhali uwe na ya biashara peke yake, kama mitungi ya gesi: mwokaji mwenye mtungi wa keki na mwingine wa ugali hana haja ya kugawa kitu.

Tuone inavyotoka kwa mhasibu anayefanyia kazi nyumbani na kupata shilingi 900,000 kwa mwaka. Gharama zake za moja kwa moja ni 120,000. Analipa kodi ya nyumba 20,000 kwa mwezi, na robo yake kwa mwaka ni 60,000. Stima ni 3,000 kwa mwezi. Robo ni 9,000 kwa mwaka. Intaneti ni 3,000 kwa mwezi, theluthi mbili ni za kazi, yaani 24,000. Jumla ya gharama za nyumba ni 93,000. Faida inashuka kutoka 780,000 hadi 687,000, na kwa kuwa sehemu hiyo ya mapato iko kwenye kiwango cha asilimia 30, ushuru unapungua kwa 27,900: kutoka 142,600 hadi 114,700. Mifano hii imeacha nje makato mengine ili hesabu ionekane wazi. Ikiwa wateja wake walimkata asilimia 5 ya ushuru wa zuio, fedha hizo huhesabiwa kama ushuru aliokwisha kulipa, basi asisahau kuziingiza.

Ankara ndiyo kizingiti

Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa chache zilizotajwa na sheria kama mishahara na riba. Ankara iwe na PIN ya muuzaji na PIN yako wewe mnunuzi. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba ulilipa, si ankara. Ujumbe wa tokeni za stima ni vivyo hivyo. Na kama akaunti ya stima iko kwa jina la mwenye nyumba, bili hiyo ni yake kwenye vitabu, hata kama wewe ndiye unayenunua tokeni. Zungumza naye mapema kuhusu mita au akaunti yako mwenyewe.

Kodi ya nyumba ndiyo ngumu zaidi. Mwenye nyumba akikupa kikaratasi cha mkono, huwezi kuidai. Wengine huona ombi la ankara kama kuwachongea kwa KRA. Mwambie kwa upole kwamba kutoa ankara ni wajibu wake, na kwamba eTIMS Lite inapatikana hata kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Asipokubali, iache robo ile nje ya ritani. Kuidai bila ankara ni kujiandalia deni lenye faini na riba, na mwenye nyumba hatakulipia.

Kwa ununuzi kutoka kwa mkulima au muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, sheria sasa inampa mnunuzi njia ya kuandika ankara yeye mwenyewe. Mwokaji anayenunua mayai kwa jirani aulizie njia hiyo.

Anayeishi katika nyumba yake hawezi kujitoza kodi na kuidai. Ikiwa alikopa benki kuijenga au kuinunua, riba ya mkopo wa nyumba anayoishi ina nafuu yake: hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024. Riba hiyo hiyo isiingizwe tena kama gharama ya ofisi. Kujenga chumba cha kazi si gharama ya uendeshaji, kwa hiyo haitolewi yote kwa mwaka mmoja wala kugawanywa kama bili ya stima. Kompyuta nayo hutolewa kidogo kidogo, asilimia 25 ya bei yake kila mwaka, na samani za ofisi asilimia 10.

Mwenye faida isiyozidi 288,000 kwa mwaka hatakuwa na ushuru wa kulipa, kwa sababu nafuu ya 28,800 inaumaliza. Bado ni lazima awasilishe ritani. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni, kwa mapato ya mwaka ulioishia Desemba. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, itakayokuwa kubwa zaidi. Ankara, kumbukumbu za mita na karatasi yako ya mgawanyo wa vyumba zihifadhiwe kwa miaka 5, maana KRA inaweza kuziulizia baada ya wewe kuhama nyumba hiyo.

Msaada wa kuwasilisha ritani hutolewa bila malipo katika ofisi za KRA na kwenye dawati lao katika Huduma Centre. Nenda na PIN, nenosiri la iTax na ankara zako zikiwa zimepangwa kwa miezi. Foleni ya Mei ni fupi kuliko ya wiki ya mwisho ya Juni.