Mkesha wa Majani ya Chai

Ni nani miongoni mwetu asiyeanza siku kwa kuinjika sufuria ya chai? Tunapima majani kwa kijiko, tunatia maziwa na sukari, na kabla watoto hawajamaliza kuvaa sare za shule, birika limekwisha kuwa tupu. Ni mara chache tunasimama na kujiuliza: majani haya yamepita katika mikono ya nani, na wenye mikono hiyo walilala saa ngapi?

Mwezi huu tumeona vema kuwapeleka wasomaji wetu mbali kidogo, hadi kisiwa cha Taiwan, kilichoko baharini upande wa kusini-mashariki ya China. Huko ziko familia ambazo kwa vizazi kadhaa zimeishi kwa kutengeneza chai iitwayo oolong. Mmea wao ni ule ule unaofunika vilima vya Kericho na Limuru, Mufindi na Rungwe. Lakini wakati Kenya peke yake hutoa zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, Taiwan nzima hutoa kama kilo milioni 14 au 15 tu. Chai yao ni kidogo, nao huitengeneza polepole. Tulipofuatilia habari zake tuligundua kwamba ni habari ya nyumba: baba, mama, bibi na watoto, na kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza peke yake.

Katikati ya kijani na nyeusi

Majani ya chai yakishachumwa huanza kubadilika, kama vile ndizi inavyogeuka rangi ikimenywa na kuachwa hewani. Mtengenezaji akiyazuia mara moja kwa joto, hupata chai ya kijani. Akiyaacha yaendelee mpaka mwisho, hupata chai nyeusi, ambayo ndiyo ile tunayoinunua dukani. Oolong iko katikati. Jina lenyewe kwa Kichina maana yake ni joka jeusi.

Kazi yote basi ni kujua mahali pa kusimama. Mahali hapo hapasomwi kwenye saa. Hutegemea jua la siku hiyo, unyevu wa hewa na umri wa jani. Familia hupajua kwa pua.

Usiku usio na usingizi

Wachumaji hungoja umande ukauke. Huchuma chipukizi pamoja na majani mawili au matatu ya juu, na majani hayo hutandazwa juani ili yanyauke na kulegea. Kisha huingizwa ndani na kuwekwa juu ya nyungo za mianzi zilizopangwa kwenye rafu, moja juu ya nyingine.

Hapo ndipo mkesha unapoanza. Kila baada ya saa moja au mbili, watu wa nyumba huja kuyarusha na kuyageuza majani kwa mikono, taratibu, kama mama anayepepeta mchele. Kingo za majani hugongana na kuchubuka kidogo, na hewa hupenya. Kisha huachwa yapumzike. Mwanzoni chumba hunuka majani mabichi yaliyokatwa. Kadiri usiku unavyokwenda, harufu hugeuka na kuwa ya maua, na baadaye ya matunda. Baba huinama juu ya ungo, hunusa, hutikisa kichwa, hurudi kukaa. Akiwahi kuyapeleka motoni, chai itakuwa chungu na yenye harufu ya majani mabichi. Akisinzia, manukato yatakuwa yamepita na hayarudi tena.

Mara nyingi saa ya moto hufika baada ya usiku wa manane. Majani hutiwa katika pipa la chuma lenye joto kali linalozunguka, na mabadiliko hukoma. Lakini kazi haijaisha. Asubuhi majani hufungwa ndani ya kitambaa, hukazwa mpaka yawe kama mpira, huviringishwa, hufunguliwa, hutawanywa, kisha hufungwa tena. Hili hurudiwa mara nyingi, hata makumi ya mara, mpaka kila jani limejikunja na kuwa punje ndogo ngumu. Tangu kuchuma hadi kukausha hupita kama siku moja na nusu. Na katika majira ya mavuno, mzigo wa leo haujakauka ndipo mzigo wa kesho unapofika mlangoni.

Mikono ya wanawake

Kwenye mabango ya biashara utaona jina la mwanamume. Mashambani utaona wanawake. Wachumaji wengi ni akina mama, na wengi wao ni wazee sasa. Katika milima ya Alishan hujifunga kipande cha wembe kwenye kidole cha shahada ili wakate shina laini bila kulivuta. Hulipwa kwa uzito wa walichochuma. Miongoni mwao siku hizi wamo wanawake waliotoka Vietnam na Indonesia wakaolewa Taiwan, ambao wamejifunza kazi hii ugenini kama walivyojifunza lugha ya mama mkwe.

Chai ikishakauka, bado ina vijiti. Bibi wa nyumba huketi mezani pamoja na majirani, huimwaga chai mbele yao, na kuvitoa vijiti kimoja kimoja. Kazi hiyo ni ya tangu zamani. Katika karne ya 19, mitaa ya Dadaocheng mjini Taipei ilijaa wanawake waliokaa barazani mwa maghala wakichambua chai iliyokuwa ikingoja meli.

Hata baadhi ya aina za mmea zina majina ya kike. Mwaka 1981 kituo cha utafiti wa chai kilitoa aina mbili mpya, Jin Xuan na Cui Yu. Inasimuliwa kwamba mtafiti aliyeziongoza, Wu Zhenduo, alizipa majina kwa heshima ya bibi yake na mama yake. Leo Jin Xuan hupandwa sehemu nyingi za kisiwa.

Mkristo aliyefungua njia

Chai ya Taiwan ilipataje kujulikana? Katika miaka ya 1860 mfanyabiashara Mwingereza, John Dodd, alileta miche kutoka Anxi, ng'ambo ya bahari, akawakopesha wakulima fedha za kupanda. Mkono wake wa kuume alikuwa Li Chunsheng, aliyezaliwa Xiamen mwaka 1838 na kubatizwa akiwa kijana. Mwaka 1869 walipeleka New York meli mbili zenye zaidi ya kilo 120,000 za oolong. Biashara ikafumuka.

Li alitajirika sana, lakini hakuufungia utajiri wake sandukuni. Alitoa mali yake kujenga makanisa mjini Taipei, na aliandika vitabu vya imani mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1924. Watu wa huko wangali wakimwita baba wa chai ya Taiwan.

Jani lililoumwa

Kati ya habari zote tulizokusanya, hii ndiyo iliyotugusa zaidi. Katika vilima vya Beipu na Emei, wilayani Hsinchu, wanakoishi Wahakka wengi, kila kiangazi huja mdudu mdogo wa kijani, mdogo kuliko punje ya mchele. Hufyonza utomvu wa chipukizi. Majani huwa ya manjano, hudumaa na kujikunja. Mkulima yeyote angesema mavuno yameharibika.

Wenyeji husimulia kwamba mkulima mmoja, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuuza, aliyachuma majani hayo mabovu, akayatengeneza na kuyapeleka sokoni. Alirudi na bei kubwa kuliko aliyowahi kupata. Majirani hawakumwamini. Walisema anajigamba tu, na chai hiyo ikaitwa "chai ya majigambo". Jina lake jingine ni Mrembo wa Mashariki.

Wataalamu wameeleza siri yake. Mmea ukiumwa hutoa harufu maalumu ya kujilinda, ambayo huwaita wadudu wengine wanaomla adui. Harufu hiyo ndiyo inayoifanya chai inukie asali na matunda yaliyoiva. Kwa hiyo wakulima wa aina hii hawapulizi dawa ya kuua wadudu majira ya mavuno, kwa maana wakimwua mdudu wameiua na asali. Humngoja yule ambaye babu zao walimlaani.

Hatusemi kwamba kila jeraha hugeuka asali. Wasomaji wetu wengi wanajua majeraha ambayo hayajaleta harufu nzuri bado. Tunasema tu kwamba mkulima yule hakulitupa jani lake kabla ya kulijaribu.

Wanunuzi walipopungua

Kwa miaka mingi familia nyingi za wakulima ziliuza majani tu, na wafanyabiashara wakapata faida. Katika miaka ya 1970 na 1980 mishahara ilipanda, fedha ya Taiwan ikapata nguvu, na chai yao ikawa ghali mno kwa soko la nje. Yangeweza kuwa maangamizi.

Badala yake, wakulima walijifunza kuwauzia majirani zao. Kanuni zililegezwa, na nyumba ndogo zikaruhusiwa kutengeneza na kuuza chai zenyewe. Mwaka 1976 mashindano ya chai ya Dongding yalianza Lugu, katika mkoa wa Nantou. Kila familia huleta chai yake, nayo hupewa namba badala ya jina. Waamuzi hupima gramu 3, hutia maji yanayochemka, hungoja dakika kadhaa, kisha huonja. Tajiri na maskini wako sawa mbele ya kikombe. Familia iliyoshinda huuza chai yake kwa bei ya juu sana, na watoto wake huenda chuo.

Lakini hapo ndipo penye kitendawili. Mtoto aliyesomeshwa na chai huenda mjini na harudi. Milima nayo si salama siku zote. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1999 tetemeko kubwa liliipiga Nantou, na zaidi ya watu 2,400 walikufa kisiwani. Mwezi Agosti 2009 kimbunga Morakot kiliporomosha milima na kukata barabara za Alishan, ambako Watsou, wenyeji wa asili ambao wengi wao ni Wakristo, hulima chai pia.

Tena liko jaribu la udanganyifu. Leo Taiwan huingiza chai nyingi kuliko inayotoa, hasa kutoka Vietnam. Si kosa kuinunua wala kuiuza. Kosa ni pale mtu anapoichanganya na ya kwao na kuipa jina la mlima ambao haikupata kuuona. Mama aliyekesha kwa ungo hushindwa bei na aliyelala. Hilo sisi pia tunalijua katika masoko yetu.

Hata hivyo, baadhi ya vijana wamerudi. Wameweka majina ya familia zao kwenye pakiti, na huwaeleza wanunuzi shamba liko wapi na nani alikesha. Ndugu zetu, biashara ya haki huanza na kusema kweli juu ya kilichomo mfukoni.

Kikombe kidogo, mazungumzo marefu

Ukipata oolong, usiipike kwa maziwa wala usitie sukari. Chukua buli dogo linalotosha kama kikombe kimoja cha maji. Tia vijiko viwili vidogo vya chai, mimina maji yaliyotoka kuchemka, na ungoje kama dakika moja. Punje zitafunguka na kurudi kuwa majani mazima. Usiyatupe. Majani yale yale yatakubali maji mara tano au zaidi, na kila mara ladha itakuwa nyingine.

Vikombe ni vidogo, mfano wa vile vya kahawa chungu ya Pwani. Kwa kuwa kikombe huisha upesi, mwenye nyumba hana budi kumimina tena na tena, na mgeni hana budi kukaa. Ndivyo baba na mwana wasiosemezana hujikuta wamezungumza.

Tena hawamimini chai moja kwa moja kutoka kwenye buli, kwa sababu kikombe cha kwanza kingekuwa chepesi na cha mwisho kikali. Huimimina yote kwanza katika jagi dogo, ichanganyike, ndipo wagawe. Jagi hilo kwa Kichina huitwa chombo cha haki. Bibi, mtoto, mgeni na mkwe aliyetoka nchi nyingine hupata chai ya namna moja.

Mithali 31 inamsifu mwanamke ambaye hata usiku yu macho kwa ajili ya nyumba yake. Wako wengi kama yeye katika milima ile, na wako wengi kwetu. Kesho asubuhi utakapoinjika chai yako, wakumbuke. Na jioni, hata kama ni chai ya rangi tu na vikombe havilingani, waite wote wa nyumbani waketi, na usiondoke mezani mpaka kila mmoja amepata sawa na mwenzake.