Leseni ya Dalali Hufuata Ardhi

Mtu akaaye Minnesota, akiwa ameazimia kununua nyumba ya kupangisha huko Texas na nyingine Georgia, aghalabu hudhani kwamba dalali aliyempatia mkopo wa nyumba anayoishi atamfaa na huko pia. Lakini sheria za Marekani kwa kawaida hazitazami dalali anakaa wapi wala mnunuzi anakaa wapi, bali hutazama mahali ilipo ile nyumba itakayowekwa rehani, na kila jimbo lina mamlaka yake ya kutoa leseni au kuinyima.

Tangu ilipopitishwa mwaka 2008 sheria ya SAFE, iliyoweka masharti ya leseni hizo, dalali wa rehani hana budi kusoma masomo ya saa 20 kwa uchache, kufaulu mtihani, na kuandikwa katika daftari la taifa liitwalo NMLS, ambamo hupewa nambari isiyobadilika hata akihama kampuni. Daftari hilo li wazi kwa umma bila ya malipo, nalo humwonyesha mwenye kutafuta ni majimbo gani yaliyompa dalali huyo ruhusa. Na kulitazama kabla ya kumkabidhi mtu hesabu zako za benki mimi naona ni faradhi. Afisa wa benki hahitaji leseni ya kila jimbo, huandikishwa tu; ila yeye ana mikopo ya benki yake pekee, ilhali dalali hubisha milango mingi.

Hata hivyo leseni bila ya maarifa ya mahali haitoshi. Georgia yataka mwanasheria asimamie kukamilishwa kwa mauzo, ilhali huko Texas kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na kampuni ya hatimiliki. Tena Texas haitozi kodi ya mapato, na kwa sababu hiyo kodi ya majumba huko ni nzito. Na kwa kuwa kodi hiyo huhesabiwa ndani ya malipo ya kila mwezi, dalali akiikisia kwa mazoea ya kwao, mkopo ulioonekana kuwa wa yakini waweza kukataliwa siku za mwisho, na mnunuzi akapoteza arubuni yake.

Kwa hiyo mweleze dalali mapema nyumba zote unazozikusudia, kwani kila rehani huingia katika hesabu ya inayofuata. Fannie Mae, shirika linunualo mikopo kutoka kwa wakopeshaji, haliruhusu mwenye kununua nyumba ya kupangisha awe na zaidi ya nyumba 10 zenye rehani, pamoja na anayoishi, na akiba inayotakiwa huongezeka kadiri nyumba zinavyozidi. Dalali akikushauri uandike kwamba utaishi katika nyumba unayokusudia kuipangisha, ili upunguziwe riba, muache mara moja: hiyo ni jinai ya serikali kuu.

Muulize pia analipwa na nani, maana katika mkopo wa nyumba ya kuishi haruhusiwi kupokea ujira kwa mkopeshaji na kwa mkopaji kwa pamoja, lakini katika mkopo wa nyumba ya kupangisha katazo hilo huenda lisimbane. Vilevile, kwa nyumba ya kuishi mkopeshaji au dalali hupaswa kukupa makadirio ya mkopo kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokea maombi; kwa nyumba ya kupangisha yaombe mwenyewe. Yapokee kutoka kwa wawili au watatu, na uyalinganishe yaliyotolewa siku moja, kwa kuwa riba hubadilika kila kukicha.