Papa Wemba alipoigiza msanii fukara

Msanii chipukizi anayegawana kodi ya chumba na wenzake karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, atajitambua katika La Vie est Belle, filamu ya muziki na vichekesho ya mwaka 1987. Iliongozwa na Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy.

Kourou, mwanamuziki wa kijijini, aingia Kinshasa akitamani jukwaa. Dhiki yamgeuza boi wa Nvouandou, tajiri mwenye klabu. Kumbe wote wawili wanampenda Kabibi! Hapo ndipo penye kicheko, na penye uchungu pia: mtumishi hana sauti mbele ya mwajiri, ila anapoimba.

Ajabu ni kwamba fukara huyo aliigizwa na Papa Wemba, aliyekwisha kuwa nyota na mlimbwende wa mavazi ya bei ghali. Alianguka jukwaani Abidjan mwaka 2016, akafariki.