Kuku wa miguu yenye manyoya Mbwawa: adui ni tope, baridi husingiziwa

Baridi ya Mbwawa, huku Kibaha, haijawahi kugandisha ndoo ya maji. Hata Julai, kipupwe kinapovuma na watu wa Kibaha wanapotoa masweta kabatini, alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi za Selsiasi, na kuku mzima aliye mkavu hata hashtuki. Mfugaji wa Brahma au Cochin, kuku wenye manyoya hadi miguuni, anayefuata maelekezo ya nchi za theluji, akalifunika banda kwa turubai pande zote, anajitafutia balaa jingine. Huku Pwani miguu yenye manyoya huumizwa na unyevu, na hiyo baridi yenyewe mara nyingi huingia kupitia unyevu huo.

Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi na hauna tezi za jasho. Joto likizidi, kuku huhema mdomo wazi na kulipunguza kupitia sehemu zisizo na manyoya: upanga wa kichwani, ndevu na miguu. Ndani ya mguu, mishipa inayoteremsha damu ya moto hupita karibu sana na ile inayopandisha damu iliyopoa. Wakati wa baridi damu inayoshuka huipasha inayopanda, hivyo joto linabaki mwilini na nyayo zinaachwa zipoe. Wakati wa joto mishipa hutanuka na mguu ukalitoa joto nje. Sasa mfunike kuku huyo manyoya mpaka kwenye vidole, umlete Kibaha mwezi Februari.

Manyoya hayo yametoka wapi, wakati kuku wengi wana magamba? Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa kwa kuku wa Uholanzi, uliyahusisha na jeni mbili: PITX1, inayosaidia kuufanya mguu uwe mguu, na TBX5, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye bawa. Jambo kama hilo lilikwishaonekana kwa njiwa wenye miguu ya manyoya. Yaani mguu wa Brahma umepokea sehemu ya maagizo ya bawa. Kuku wetu wa kishingo alikwenda njia ya pili: alivua manyoya ya shingo, na joto likapata pa kutokea. Kwa hali ya hewa ya Mbwawa, kishingo ndiye aliyejipanga vizuri, ingawa hakuna anayempiga picha.

Brahma alizalishwa Marekani kutokana na kuku waliopelekwa huko kutoka Shanghai katika miaka ya 1840. Upanga wake ni mdogo, kwa hiyo hauungui kwa barafu kirahisi, na mwili wake ni mzito na umevaa manyoya mengi. Anaweza kuishi hata kwenye baridi ya Njombe au Makete bila wasiwasi mkubwa, mradi miguu iwe mikavu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalobaki hata akishushwa Pwani.

Masika, kati ya Machi na Mei, uwanja wa banda hugeuka tope. Manyoya ya miguuni hulinyonya, na kila gramu 1 ya maji inayokauka hapo huchukua joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu lita ya maji kwa nyuzi 1. Kuku aliyelala na miguu iliyolowa hupoteza joto usiku kucha, hata kama hewa haina baridi ya kutisha. Tope likikauka, hugandamana na kinyesi na kuwa donge gumu kwenye vidole. Donge hilo lisivutwe, maana linaweza kung'oka na ukucha. Lilowekwe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni mpaka lilainike, kisha miguu ikaushwe kwa kitambaa. Kazi hii ifanywe asubuhi, ili jua linapozama kuku awe amekauka kabisa.

Bandani, maranda yakishikana mkononi kama ugali yameshalowa, yatolewe. Weka mengine makavu, na vyombo vya maji viinuliwe visimwagike. Uwazi wa juu ya ukuta uachwe wazi, na turubai lizuie tu upande mvua inakopigia. Banda lililozibwa hujaa hewa ya amonia inayochoma macho na mapafu ya kuku, na maranda yenye unyevu na joto huvipa nguvu vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu. Ukiinama mle ndani pua ikawasha, ujue kuku wamekaa na hali hiyo tangu jana.

Fito za kulalia ziwe pana na ziwe chini, zisipite sana magotini mwa mtu, kwa sababu Brahma ni mzito na akiruka kutoka juu huumiza nyayo. Bakteria wakipenya kwenye jeraha, unyayo huvimba na kutunga usaha. Tena manyoya machanga ya miguuni yana damu ndani. Likivunjika moja, kuku wengine huanza kulidonoa. Mtenge aliyeumia, bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.

Wanaohitaji kupashwa joto kwelikweli ni vifaranga: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha zipungue kama 3 kila wiki. Wakirundikana wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wamezidiwa na moto. Jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na tundu la hewa huwaua kwa gesi isiyo na harufu, na mlezi wao pia. Chanjo isisahauliwe: ile ya kideri aina ya I-2 hutengenezwa hapohapo Kibaha, na kuku hutiwa tone jichoni kila baada ya miezi 3.

Ugonjwa unaojificha zaidi ni ukurutu wa miguu. Utitiri usioonekana vizuri kwa macho huchimba chini ya magamba, yakainuka na kuota ukoko mweupe. Kwa Brahma yote hayo hufanyika chini ya manyoya. Kwa hiyo mshike kuku, pekua manyoya, pitisha kidole. Wengi hukimbilia mafuta ya taa au oili chafu, vitu vinavyochoma ngozi. Sabuni na maji ya vuguvugu, kisha mafuta ya mgando yaliyopakwa mpaka katikati ya magamba, huziba hewa ya utitiri huo. Rudia kwa wiki kadhaa, na wote wanaolala fito moja watibiwe pamoja. Hali ikiwa mbaya, bwana mifugo anaweza kutoa ivermectin. Mayai ya kuku aliyepewa dawa hiyo yasiliwe wala kuuzwa mpaka muda atakaoutaja uishe.